Una shahada ya sayansi na unataka kazi ya fedha: anzia hapa

Maswali hayabadiliki. Nimesoma biolojia, je, benki wataniangalia? Nirudi chuo nikachukue shahada ya pili? Nianze na CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji? Habari za maabara nizifute kwenye CV? Majibu ya haraka: watakuangalia ukiwapa sababu, usikimbilie chuo, CFA inategemea kazi unayoitaka, usifute kitu, andika upya.

Mwajiri wa fedha akiona shahada ya kemia au fizikia hana shaka na hesabu zako. Ana shaka mbili: kwamba hujui uhasibu, na kwamba utaondoka siku utakayopata kazi ya fani yako. Hatua zilizo hapa chini zinaziondoa shaka hizo kwa kazi inayoonekana, ndani ya miezi 9 hadi 12, huku ukiendelea na shughuli zako nyingine. Anayeharakisha zaidi ya hapo kwa kawaida huruka hatua ya 2, na usaili humrudisha pale pale.

## Andaa kwanza

- Kompyuta yenye Excel. Simu haitoshi. Majedwali ya bure ya mtandaoni yanafaa kujifunzia, lakini majaribio mengi ya ajira hufanywa kwa Excel na hupimwa kwa dakika.
- Saa 8 hadi 10 kwa wiki. Zikiwa pungufu ya 5, utakuwa unasahau kwa kasi ile ile unayojifunza.
- Ripoti za mwaka za kampuni moja, miaka mitano mfululizo. Chagua kampuni iliyo kwenye sekta inayogusana na shahada yako. Kampuni zilizoorodheshwa kwenye masoko ya hisa huweka ripoti bure kwenye tovuti zao. Za Marekani zimo kwenye EDGAR, hifadhi ya mtandaoni ya mdhibiti wa masoko ya hisa: tafuta fomu 10-K, yaani ripoti ya mwaka.
- Transkripti yako. Pigia mstari kila somo la hesabu, takwimu, uwezekano na programu za kompyuta.
- Daftari la makosa. Kila swali ulilokosa liandikwe na sababu yake. Ukurasa mmoja wa makosa yako mwenyewe una faida kuliko saa kumi za video.

Ada ya mtihani wa kitaaluma iweke kando mpaka hatua ya 5. Kozi ghali za wiki moja zinazoahidi ajira hazimo kwenye orodha hii kwa makusudi.

## Hatua ya 1: Chagua mlango mmoja

Kusema "nataka kazi ya fedha" ni sawa na kusema unataka kazi ya hospitali. Mlango wa uhasibu una masharti yake, wa mikopo yake, wa bima yake. Chagua ule ambao shahada yako inahesabika kuwa ujuzi, ili uwe na kitu ambacho mhitimu wa biashara hana.

Takwimu na hisabati. Nenda kwenye hatari za mikopo au aktuaria, yaani hesabu za hatari za bima na pensheni. Tangu tarehe 1 Januari 2018, benki zinazofuata IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, hutenga fedha kwa hasara inayotarajiwa, hazisubiri mkopo uharibike. Msingi wa hesabu hiyo ni mzuri kwa mtu wa takwimu: uwezekano wa mkopaji kushindwa kulipa, mara sehemu itakayopotea akishindwa, mara deni litakalokuwepo siku hiyo. Deni la 10,000, uwezekano wa asilimia 4, upotevu wa asilimia 45: benki inatenga 180. Ugumu wote umo kwenye kuipata hiyo asilimia 4, na kazi hiyo ni modeli ya takwimu unayoifahamu tayari.

Jiolojia na uhandisi wa madini. Mabenki na mifuko inayofadhili migodi huhitaji mtu anayejua kusoma ripoti ya kitaalamu ya mgodi. Chini ya kanuni za JORC za Australia au NI 43-101 za Kanada, "rasilimali" (madini yanayokadiriwa kuwemo ardhini) na "akiba" (sehemu yake inayoweza kuchimbwa kwa faida) ni vitu viwili tofauti. Rasilimali ya daraja la chini kabisa, ile ya kukisiwa tu kutokana na sampuli chache, hairuhusiwi kugeuzwa kuwa akiba. Mchambuzi asiyejua hilo huingiza wakia zote kwenye mapato ya miaka ijayo, na thamani ya mgodi inapaa hewani. Wewe unajua. Hiyo ndiyo bidhaa yako.

Biolojia, famasia, baiokemia. Uchambuzi wa hisa za kampuni za dawa, na bima ya afya. Mtu anayeweza kusoma matokeo ya majaribio ya awamu ya 2 na kusema kwa nini sampuli ni ndogo mno kutegemewa ana nafasi kwenye meza ya uchambuzi.

Kemia na uhandisi wa kemikali. Nishati na biashara ya bidhaa ghafi. Faida ya kiwanda cha kusafisha mafuta hukadiriwa kwa hesabu rahisi ya 3-2-1: mapipa 3 ya mafuta ghafi yanahesabiwa kutoa 2 ya petroli na 1 ya dizeli, kisha unatoa gharama ya yale matatu. Wewe unajua kwa nini kiwanda fulani hakiwezi kufikia uwiano huo.

Kilimo, hali ya hewa, mazingira. Bima ya mazao inayolipa kwa kipimo cha mvua, mikopo ya kilimo, tathmini ya hatari za tabianchi.

Fizikia. Wengi hukimbilia kazi za modeli za bei. Njia ipo: Fischer Black, mmoja wa waliotoa fomula maarufu ya bei za hiari (mikataba ya haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa) mwaka 1973, shahada yake ya kwanza ilikuwa ya fizikia, na mlinganyo wao unaweza kugeuzwa ukawa ule wa usambaaji wa joto. Lakini Black alikuwa pia na uzamivu wa hisabati tumizi. Kwa shahada ya kwanza pekee, milango iliyo wazi zaidi ni hatari za mikopo, uchambuzi wa data kwenye benki, na aktuaria.

Kama hakuna sekta inayokuvutia hapo, mlango wa ukaguzi wa hesabu bado upo. Kampuni kubwa za ukaguzi huchukua wahitimu wa fani mbalimbali na kuwasomesha kazini. Kazi ni ngumu na saa ni nyingi, ila miaka mitatu ya ukaguzi hukufungulia karibu idara yoyote ya fedha.

> Angalizo: usichague milango mitatu "kwa usalama". Utaandika CV tatu dhaifu. Chagua mmoja, upe miezi sita kabla ya kuubadili.

## Hatua ya 2: Jifunze uhasibu mpaka uuote (wiki 8 hadi 10)

Hapa ndipo watu wa sayansi huanguka, kwa sababu uhasibu unaonekana mwepesi. Hesabu zake ni za kujumlisha na kutoa. Kinachochanganya ni kwamba kila tukio linagusa sehemu mbili au zaidi kwa wakati mmoja, na kwamba faida na fedha taslimu ni vitu viwili.

Fuata mpangilio huu:

1. Wiki 1 na 2: mlinganyo mmoja, mali = madeni + mtaji. Andika miamala 50 ya kubuni, ya kuingia mara mbili (kila muamala uandikwe pande mbili), kwa mkono. Kununua bidhaa kwa taslimu, kuuza kwa mkopo, kulipa mshahara, kukopa, kulipa riba.
2. Wiki 3 hadi 5: taarifa tatu: faida na hasara, mizania, mtiririko wa fedha. Chukua ripoti ya kampuni yako, uhamishe namba zote kwenye Excel kwa mkono. Usinakili na kubandika. Kuandika namba moja moja ndiko kunakokulazimisha kujiuliza hii ni nini.
3. Wiki 6 na 7: jinsi taarifa tatu zinavyoshikana.
4. Wiki 8 na kuendelea: maelezo ya hesabu yaliyo nyuma ya ripoti. Madeni yanaiva lini, wateja wangapi wanashika mauzo makubwa, kesi zipi ziko mahakamani. Wachambuzi wazuri huanza kusoma kwa nyuma.

Kipimo cha kujua kama umeelewa ni swali ambalo linaulizwa kwenye usaili wa fedha kila mahali: *uchakavu ukiongezeka kwa 10, nini kinatokea kwenye taarifa zote tatu?* Tuseme kodi ni asilimia 30.

- Faida na hasara: faida kabla ya kodi inapungua 10. Kodi inapungua 3. Faida halisi inapungua 7.
- Mtiririko wa fedha: unaanza na faida halisi, pungufu 7. Unarudisha uchakavu, ongeza 10, kwa kuwa hakuna fedha iliyotoka. Jumla fedha imeongezeka 3.
- Mizania: fedha imepanda 3, mitambo imeshuka 10, kwa hiyo mali zimeshuka 7. Upande wa pili, faida iliyolimbikizwa imeshuka 7. Pande zote ziko sawa.

Watu wengi hukwama kwenye ile 3: fedha imetoka wapi? Imetoka kwenye kodi ambayo hukulipa. Swali hili linaichukulia kodi kuwa inalipwa taslimu na uchakavu wa kihasibu kuwa ndio unaokubaliwa kwenye kodi. Msaili mkali anaweza kukuuliza hilo pia. Rudia zoezi hili kwa kununua bidhaa za ghala kwa taslimu, kwa kukopa, kwa kufuta deni la mteja aliyefilisika. Ukiweza kuyaeleza kwa mdomo bila karatasi, endelea.

> Angalizo: usijiridhishe na video. Kuelewa mtu anapoeleza na kueleza mwenyewe ni vipimo viwili, na usaili hupima cha pili.

## Hatua ya 3: Thamani ya fedha kwa wakati, na Excel safi (wiki 4)

Nadharia yenyewe ni fupi. 1,000 utakayoipata baada ya miaka mitatu, kwa kiwango cha asilimia 10, leo ina thamani ya 1,000 ÷ 1.1³, yaani 751.31. Hatifungani, mkopo, mradi, hisa: nyingi ya hesabu zake ni marudio ya hilo.

Kosa la mwanzo liko kwenye Excel. Fomula ya NPV (thamani halisi ya sasa) huhesabu kwamba fedha ya kwanza kwenye orodha inaingia *mwisho wa mwaka wa kwanza*. Chukua mradi unaogharimu 1,000 leo na kuleta 500 kila mwaka kwa miaka mitatu, kwa asilimia 10. Ukiziweka namba zote nne ndani ya NPV, utapata 221.30. Jibu sahihi ni 243.43: ile 1,000 ya leo ikae nje ya mabano, hivi:

`=-1000+NPV(10%,500,500,500)`

Tofauti ni ndogo, na ndiyo sababu haionekani mpaka mtu mwingine aikague. Kama fedha zina tarehe zisizolingana, tumia XNPV.

Mengine ya kujua kwa vidole, bila kufikiri:

- F2 kufungua seli, F4 kufunga rejeo kwa alama ya dola, Ctrl na mabano ya mraba ya kushoto kwenda kwenye seli zinazolisha fomula.
- SUMIFS, INDEX pamoja na MATCH, IFERROR, jedwali egemeo (pivot table).
- XLOOKUP ni nzuri, lakini haimo kwenye Excel 2016 na 2019. Faili likifunguliwa huko na kukokotolewa upya, litatoa #NAME?. Kwenye jaribio la ajira tumia INDEX na MATCH.
- Namba ulizoingiza mwenyewe rangi ya bluu, fomula rangi nyeusi. Ni desturi ya fani. Mkaguzi anaitazama kabla hajatazama jibu.
- Usiandike namba ndani ya fomula. `=B5*1.08` leo unajua 1.08 ni nini. Mwezi ujao hakuna atakayejua, hata wewe.
- Usiunganishe seli. Upangaji wa data unaweza kukataa kufanya kazi, na uchujaji ukaacha safu nyingine.

Python au R ni nyongeza nzuri kwa milango ya hatari na aktuaria. Kama unazijua kutoka chuo, zitumie. Kama huzijui na mlango wako ni mikopo au ukaguzi, ziache kwa sasa.

## Hatua ya 4: Toa kazi moja kamili (wiki 6)

Hii ndiyo hatua inayobeba uzito wote, na wengi huiruka pia. Unatengeneza uchambuzi mmoja wa kampuni ile uliyoichagua, kurasa tano zisizozidi, pamoja na faili la Excel. Jifanye mchambuzi wa mikopo: kampuni inaomba mkopo wa miaka mitano. Unakubali au unakataa?

Yaliyomo:

1. Kampuni inapataje fedha, kwa aya mbili. Hapa sayansi yako iingie: unaona nini ambacho msomaji wa kawaida haoni?
2. Jedwali la miaka mitano: mauzo, faida ghafi, faida ya uendeshaji, fedha kutoka kwenye uendeshaji, uwekezaji wa mitambo, jumla ya madeni.
3. Uwiano sita tu, usiozidi. Kila mmoja uwe na sentensi moja ya *kwa nini umebadilika*.
4. Makadirio ya miaka mitatu kwa hali tatu: ya kawaida, mbaya, na mbaya sana. Hali nzuri haimhusu mkopeshaji; yeye halipwi zaidi kampuni ikifanikiwa.
5. Uwezo wa kulipa: fedha inayopatikana kwa mwaka ÷ riba na sehemu ya deni vinavyotakiwa kulipwa mwaka huo. Wakopeshaji mara nyingi hutaka 1.2 au 1.25 kwenda juu. Kwenye hali yako mbaya inabaki ngapi?
6. Uamuzi, na masharti.

Mfano wa sentensi inayoonyesha unajua unachofanya. Mwaka jana mauzo yalikuwa 1,100 na wadaiwa (fedha ambazo wateja bado hawajalipa) 200. Mwaka huu mauzo 1,200 na wadaiwa 300. Wadaiwa ÷ mauzo × 365: siku zimetoka 66 hadi 91. Anayeanza ataandika "mauzo yamepanda kwa asilimia 9". Mchambuzi ataandika: "Mauzo yamepanda kwa asilimia 9 lakini wadaiwa kwa asilimia 50, inawezekana ukuaji umenunuliwa kwa kulegeza masharti ya malipo, na fedha taslimu itabana kabla faida haijabana." Kisha anakwenda kwenye maelezo ya hesabu kuhakikisha.

Mpe kazi hiyo mtu mmoja aliye kwenye fani aisome. Mwambie akosoe, asisifu. Rekebisha, kisha ihifadhi kwa PDF.

> Angalizo: usinunue kiolezo cha modeli ukakijaza. Msaili atauliza "kwa nini uliweka asilimia 4 hapa?" na kiolezo hakitakujibia. Na usiufanye uchambuzi kuwa wa kurasa 40. Urefu huficha kwamba hujaamua.

## Hatua ya 5: Cheti kimoja, kwa mlango wako

Anza kulipia mtihani ukiwa umemaliza hatua ya 4, si kabla.

CFA inafaa uchambuzi wa hisa, hatifungani na usimamizi wa uwekezaji. Ina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ina maswali 180 ya kuchagua, vipindi viwili vya saa 2 na dakika 15 kila kimoja. Kwa mwanafunzi, unaweza kuifanya ukiwa umebakiza miezi isiyozidi 23 kuhitimu, na hakuna anayekuuliza shahada ni ya nini. Taasisi inashauri takriban saa 300 za kusoma kwa kila ngazi. Kwa asiye na uhasibu, hizo 300 ni za kweli. Cheo chenyewe kinahitaji pia saa 4,000 za kazi inayohusika, zilizotimia kwa muda usiopungua miezi 36. Vikokotoo vinavyoruhusiwa ni familia mbili tu, BA II Plus ya Texas Instruments na HP 12C. Ukinunua BA II Plus, hakikisha P/Y (idadi ya malipo kwa mwaka) ni 1 na iko kwenye END (malipo mwisho wa kipindi). Wanaosahau hupata majibu yanayokaribia ukweli, na kwenye orodha ya majibu jibu lao la makosa huwa limewekwa makusudi liwasubiri.

FRM (Financial Risk Manager) ni cheti cha usimamizi wa hatari za fedha. Sehemu mbili, maswali 100 kisha 80, saa nne kila moja, na uzoefu wa miaka miwili kupata cheo. Kwa mhitimu wa takwimu au fizikia anayelenga benki, hii huwa karibu zaidi kuliko CFA.

ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, au bodi ya uhasibu ya nchi yako, ni ya ukaguzi na uhasibu. Shahada ya sayansi kwa kawaida haikupi misamaha mingi, kwa hiyo hesabia safari ya miaka mitatu au minne pamoja na miezi 36 ya mafunzo kazini. Waajiri wengi wa ukaguzi hulipia ada. Ulizia kabla ya kulipa mwenyewe.

Aktuaria ina mitihani yake. Kwa mfumo wa SOA, chama cha aktuaria cha Marekani, wa kuanzia ni P, yaani uwezekano, na FM, hisabati ya fedha. Waajiri huajiri kwa idadi ya mitihani uliyofaulu; miwili inatosha kuanza kuomba.

Shahada ya uzamili je? Ina maana katika hali mbili: unalenga kazi za modeli ambazo tangazo lenyewe linaitaka, au chuo kina mfumo hai wa kuwapeleka wanafunzi kwenye kampuni. Omba chuo kikuonyeshe wahitimu wake wa karibuni wako wapi. Wakikuonyesha picha za majengo, umepata jibu.

> Angalizo: ukifaulu ngazi ya kwanza ya CFA, usiandike "CFA" baada ya jina lako, wala "CFA ngazi ya I" kama cheo. Kanuni za taasisi zinakataza. Andika kwamba umefaulu mtihani wa ngazi ya kwanza, na mwaka.

## Hatua ya 6: Andika upya CV

Ukurasa mmoja. Juu kabisa mistari miwili: wewe ni nani, unaelekea wapi. Kisha uchambuzi wako wa hatua ya 4, kabla ya elimu. Kisha kazi na elimu.

Kazi za maabara na utafiti hazifutwi, zinasemwa kwa lugha ya data, udhibiti na matokeo. Badala ya "Nilishiriki utafiti wa ubora wa maji", andika: "Nilisimamia data ya sampuli 240 kwa miezi 6, nilibaini vipimo 18 vyenye makosa ya kifaa kabla ya ripoti kutolewa." Mtu wa ukaguzi akisoma hilo anaona mkaguzi. Namba ziwe za kweli, utaulizwa ulizipataje.

Ondoa majina ya vifaa vya maabara, mada ya tasnifu yenye maneno 25, na ile orodha ya "mchapakazi, mwaminifu, anayefanya kazi chini ya shinikizo".

## Hatua ya 7: Omba kwa mkuki, si kwa wavu

Kila wiki omba nafasi tano zilizosomwa vizuri, na wasiliana na watu wawili walio kwenye kazi unayoitaka. Ujumbe uwe mfupi: wewe ni nani kwa sentensi moja, umefanya uchambuzi gani, unaomba dakika 15 za kuuliza maswali mawili mahususi. Usiambatishe CV kwenye ujumbe wa kwanza. Usiombe kazi. Mtu akikujibu, mwulize pia angekukosoa nini kwenye uchambuzi. Swali hilo ndilo linalomfanya akukumbuke.

Usidharau nafasi za pembeni: operesheni, uzingatiaji wa kanuni, data, huduma za mikopo midogo. Pia angalia upande wa pili wa meza: idara ya fedha ya kampuni ya dawa, ya mgodi au ya maabara inaweza kukuchukua mapema kuliko benki.

> Angalizo: anayekuomba ulipe ili uajiriwe si mwajiri. Na "kazi ya fedha" inayokutaka uweke fedha zako kwenye akaunti ya kubadilisha sarafu na kuleta wenzako watatu si kazi ya fedha.

## Hatua ya 8: Usaili

Jiandae kwa swali moja la maisha na matano ya kiufundi.

La maisha ni "kwa nini umeacha fani yako?" Usiseme fedha inalipa. Usiisimange sayansi. Jibu liwe la sekunde 60 hadi 90, lenye sehemu tatu: kilichokuonyesha fedha ndani ya fani yako, ulichofanya kukijua, kwa nini nafasi hii. Kwa mfano: "Kwenye mafunzo ya mgodini niliona mradi wenye madini mazuri ukisimama kwa kukosa ufadhili. Nikataka kujua mkopeshaji anaona nini ambacho sisi hatukioni. Nimejifunza uhasibu, nimechambua kampuni ya dhahabu kwa miaka mitano, na uchambuzi nimekuja nao. Timu yenu inafadhili migodi midogo, na huko kusoma ripoti ya akiba kunahitajika kila siku." Jibu hilo limezima shaka zote mbili za mwajiri kwa pamoja.

Ya kiufundi: taarifa tatu, swali la uchakavu, thamani halisi ya sasa, kwa nini bei ya hatifungani hushuka riba ikipanda, na kampuni yenye faida inawezaje kufilisika. Kisha ujue habari moja ya wiki hiyo kwenye sekta yako, na maoni yako juu yake.

## Mambo yakienda mrama

Unaomba, hujibiwi. Hesabu. Maombi 40 bila usaili hata mmoja: tatizo ni CV au mlango, si uwezo wako. Unaitwa lakini huvuki hatua ya kwanza: jibu la "kwa nini" halishiki. Unaanguka kwenye jaribio: rudi hatua ya 2 na 3. Unafika mwisho unakosa: uliza maoni, kagua wadhamini wako na mshahara ulioutaja. Kila hali ina tiba yake. Kuongeza cheti kingine hakutibu hata mojawapo ya hizo, isipokuwa tangazo lilikitaja.

Mizania ya modeli yako haisawiani. Chukua tofauti. Igawe kwa 2 na utafute namba hiyo kwenye jedwali. Ikiwepo, kuna kitu umekiweka upande usio wake. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, huenda umegeuza tarakimu: 540 badala ya 450 huacha 90. Tofauti ikikua kila mwaka, kuna mstari wa mtiririko wa fedha uliousahau, mara nyingi mabadiliko ya wadaiwa au gawio. Usiweke kamwe mstari wa "marekebisho" kuficha pengo.

Excel inalalamika kuhusu fomula inayojizunguka. Riba inategemea deni, deni linategemea fedha, fedha inategemea riba. Kokotoa riba kwa deni la mwanzo wa mwaka badala ya wastani. Mzunguko utakatika na usahihi unaopotea kwa kawaida ni mdogo.

Umeanguka ngazi ya kwanza ya CFA. Kwa miaka ya karibuni wengi wa wanaoifanya huanguka. Angalia mchanganuo wa mada. Kama uhasibu na maadili ndivyo vilivyokuangusha, fanya miezi mitatu ya mazoezi ya maswali, kisha rudia kwenye kipindi cha kwanza cha mtihani unachoruhusiwa. Kama ni mada zote, ulisoma bila kufanya maswali.

Matokeo yako ya chuo ni ya chini. Usiyataje kama tangazo halijayaomba. Mtihani mmoja wa kitaaluma uliofaulu unazungumza kwa sauti kuliko alama za miaka minne iliyopita.

Umepata kazi, lakini ni ya operesheni na unataka uchambuzi. Ichukue. Miezi sita ya kwanza fanya kazi hiyo bila makosa, kwa sababu kosa la operesheni hujulikana jengo zima. Kisha mwombe msimamizi wako ruhusa ya kusaidia timu ya mikopo kwenye faili moja kwa mwezi, nje ya saa zako, na utumie mpangilio ule ule wa hatua ya 4. Usingoje tangazo la ndani: mkuu wa timu huwa anajua nani anaondoka wiki kadhaa kabla ya idara ya rasilimali watu kuandika chochote.